Akrostiki kwa Kiswahili: kuficha jina ndani ya shairi, kubeba orodha kichwani

Bango lilikuwa limeshabandikwa ukutani pale ukumbini, Mtwara mjini. Maua ya karatasi pembeni, mishororo saba kwa rangi ya dhahabu. Mjomba wa bibi harusi akalisogelea, akapitisha kidole kwenye herufi za mwanzo kutoka juu kwenda chini, polepole kama anahesabu hela za korosho. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, shairi zuri. Ila mpwa wangu jina lake halina K."

Hadija, siyo Khadija. Kwenye kadi ya mchango niliyopewa jina liliandikwa kwa K, nami sikuuliza. Nikatunga mishororo saba badala ya sita. Nilikata ule wa kwanza saa hiyohiyo, kwa wembe, na bahati yangu ni kwamba shairi halikuanguka. Tangu siku hiyo hatua yangu ya kwanza siyo kutafuta vina. Nampigia simu mtu wa nyumbani na kumwambia: nitajie jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Shairi la namna ile huitwa akrostiki. Neno limetoka kwa Wayunani: *akros* ni ncha, *stikhos* ni mstari. Ncha za mistari zikisomwa wima zinatoa neno. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzitunga kwa Kiswahili, iwe kwa kadi ya harusi, kwa mchezo, au kwa ajili ya mtoto anayehangaika na mtihani. Nasisitiza kwa Kiswahili, kwa sababu maelekezo mengi yaliyopo yalifikiriwa kwa lugha nyingine, na ukiyafuata kama yalivyo utakwama kwenye mshororo wa pili.

Ilikotoka, kwa ufupi

Zaburi ya 119 ni akrostiki. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na kila herufi imepewa mistari minane inayoanza nayo. Ndiyo maana zaburi hiyo ina mistari 176. Ukiisoma kwa Kiswahili ngazi ile huioni, maana mfasiri huvusha maana na kuziacha herufi ng'ambo. Kitabu cha Maombolezo nacho kina sura nne zilizopangwa kwa mtindo huo.

Kwetu pwani, washairi wa zamani wa visiwa vya Lamu walitunga kwa kufuata herufi za Kiarabu: ubeti wa kwanza unaanza na alifu, wa pili be, wa tatu te, mpaka mwisho. Aliyepita chuoni (madrasa) akiwa mtoto, Mikindani au Kilwa, anaelewa mara moja faida yake. Mpangilio wa herufi tayari uko kichwani, kwa hiyo ubeti ukikupotea unajua kabisa ni upi umepotea. Kuna utungaji na kuna kumbukumbu humo, na vyote viwili tutavifikia.

Kabla ya kalamu: jua Kiswahili kinavyoanza maneno

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Fungua ukurasa wowote wa Kiswahili utazame herufi za kwanza za maneno. Utakutana na M, W, K, N, A, U mpaka uchoke. Ni viambishi hivyo: mtu, watu, kitu, ninakwenda, anakwenda, ukienda. Mgeni wa kazi hii akiona hivyo hulalamika kwamba lugha ina vichwa vichache. Mimi naona kinyume. Kwa kuwa kichwa cha neno la Kiswahili mara nyingi ni kiambishi, unaweza kukibadilisha bila kubadilisha habari. Chukua sentensi hii:

Mvua ilinyesha Newala jana usiku.

Hiyo ni M. Ukitaka I: *Ilinyesha mvua Newala*. N: *Newala ilinyesha mvua*. J: *Jana usiku ilinyesha*. U: *Usiku wa jana*. K: *Kulinyesha Newala*. H: *Huko Newala kulinyesha*. T: *Tulinyeshewa Newala*. S: *Sikulala kwa mvua*. W: *Wingu lilimwagika*. L: *Liliteremka wingu*. A: *Ardhi ya Newala ililowa*. Habari moja, vichwa kumi na viwili, na bado sijatumia nguvu.

Kwa hiyo gawa herufi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni herufi zenye kiambishi: A, H, I, K, L, M, N, P, S, T, U, V, W, Y, Z. Hizi usizihangaikie. Badilisha nafsi, badilisha ngeli, kanusha (*sijui, hajui*), sema kwa mazoea (*hulima*), au tanguliza mahali (*pale, huko*), mshororo utakaa. CH nayo imo humu, kwa *chake* na *chetu*.

Fungu la pili ni herufi zisizo na msaada huo: B, D, E, F, G, O, R. Hapa wengi huanza kuchuja neno moja wiki nzima. Zina milango mitatu. Wa kwanza ni kuamrisha: *Baki, Dumu, Elewa, Fika, Geuka, Ona, Rudi*. Kitenzi cha kuamrisha hakina kiambishi mbele, kwa hiyo mzizi wenyewe ndio unatokeza. J, ambayo iko katikati ya mafungu haya mawili, nayo hupita hapo: *Jipe moyo, Jua*. Mlango wa pili ni maneno yaliyoingia kutoka Kiarabu, ambayo kwa R, D na F yamejaa tele: roho, rehema, rafiki, dunia, dua, daima, faraja, fikra. Wa tatu ni vile vidogo vya mazungumzo: *bado, basi, bali, ewe, eti, ole, ghafla*. Mimi huvitumia kwa kubana, kwa sababu shairi lenye *eti* na *basi* kila mahali linasikika kama mtu anayesimulia ugomvi wa bombani.

Q na X hatuna. Jina likija na Q, mwulize mwenyewe kama anakubali K. Wengi hukubali, ila uliza.

Herufi au silabi?

Swali hili ndilo linaloamua kila kitu, na kwa Kiswahili jibu langu ni silabi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Masikio yetu husikia silabi. Mtoto wa darasa la kwanza anasoma *ma, me, mi, mo, mu*, hasomi M peke yake. Hata tunapofupisha majina ya taasisi tunachukua silabi: BAKITA ni BAraza la KIswahili la TAifa, TAKUKURU ni TAasisi ya KUzuia na KUpambana na RUshwa. UKIMWI ni Upungufu wa KInga MWIlini. Hakuna aliyetufundisha, lugha yenyewe ndiyo inavyopenda.

Angalia jina la mji wetu. Kwa herufi ni M-T-W-A-R-A, mishororo sita. Kwa silabi ni M-TWA-RA, mitatu tu, na ile M ya mwanzo ni silabi kamili:

*Mgeni wangu karibu,*
*Twakupa bila hesabu*
*Raha isiyo taabu.*

Nilimwandikia hayo mama mmoja mwenye mgahawa, akayaweka mlangoni. Mizani nane kila mshororo, hesabu: m-ge-ni-wa-ngu-ka-ri-bu. Anayeyasoma kwa macho tu huona M, T, R na kupita. Anayeyasoma kwa sauti ndiye anayeshtuka.

Kanuni ninayojiwekea ni hii. Jina la mtu kwenye kadi, tumia herufi, kwa sababu watu watalisoma wima kwa kidole kama yule mjomba. Jina la mahali, kaulimbiu au orodha ya kukariri, tumia silabi. Ukishachagua usichanganye.

Kuna kona moja ya kuamua mapema: herufi pacha. Jina Shaibu linaanza na S au na SH? Kwenye hati za Kiarabu *shini* ni herufi moja, na *dhali* si *dali*. Kwenye hati zetu za sasa SH ni alama mbili. Mimi SH, CH, DH, TH, GH na NY nazihesabu kuwa herufi moja moja, kwa hiyo Shaibu ni mishororo mitano: SH-A-I-B-U. Wapo wanaohesabu vingine na hawajakosea. Kosa ni kuhesabu hivi ubeti wa kwanza na vile ubeti wa pili.

Kutunga: tuanze na jina fupi

Hesabu herufi za jina kabla ya kuchagua aina ya shairi, kwa sababu idadi itakuchagulia. Tatu, tathlitha. Nne, tarbia au ubeti mmoja wa utenzi. Tano, takhmisa. Sita, tasdisa. Zaidi ya hapo ni afadhali kila herufi ianzishe ubeti mzima badala ya mshororo.

Tuchukue Fatu, jina la bibi zetu wengi huku Kusini, ambalo sasa linarudi kwa watoto wachanga. Herufi nne, ubeti mmoja wa utenzi, mizani nane, mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja na wa nne una chake.

Hatua ya 1, andika herufi wima, pembeni kabisa mwa karatasi, moja chini ya nyingine. Usizishike kichwani.

Hatua ya 2, amua jambo moja la kusema. Siyo sifa kumi. Mtoto amezaliwa asubuhi, akalia, inatosha.

Hatua ya 3, anza na herufi ngumu. Hapa ni F, iko fungu la pili. *Furaha* ikaja yenyewe: *Furaha imeingia*. Mizani nane, kina *-a* chenye *-ia*, na vitenzi vya *-ia* ni vingi kama embe za Desemba.

Hatua ya 4, jaza rahisi. A: *Asubuhi umelia*. U ni ya mwisho, ina kina huru: *Umefika duniani*.

T ndiyo ilinichelewesha. Niliandika kwanza *Tuna hamu kukwambia*. Mizani inatimia, lakini pale pameibwa *ya*, msikilizaji anaiona nafasi yake tupu. Nikarudi kwenye jambo lenyewe: mtoto analia. Mtu akimwona mtoto analia anasema nini? *Tulia*.

*Furaha imeingia,*
*Asubuhi umelia,*
*Tulia, nakuambia:*
*Umefika duniani.*

Kipimo changu cha akrostiki nzuri kiko hapo. Funika herufi za mwanzo, soma. Kama mtu asingejua kuna jina, shairi lingesimama? Kama lingesimama, umemaliza. Kama kuna neno liko pale kwa ajili ya herufi tu, msomaji atalinusa.

Sasa jina gumu zaidi: takhmisa yenye vina viwili

Lindi, herufi tano, mizani 16 kila mshororo, nane kwenye ukwapi (nusu ya kwanza) na nane kwenye utao (nusu ya pili), kina cha kati *-ni*, cha mwisho *-le*. Nilijipa kazi hii kwa ubishi, kwa kuwa rafiki yangu wa Lindi alisema mtu wa Mtwara hawezi kuusifia mji wao bila kuuponda.

*Lindi ni mji wa pwani, bandari ya tangu kale,*
*Imekaa mlangoni, Lukuledi pale pale,*
*Nikiketi ufukweni, nasahau shida zile,*
*Dau lipo safarini, tanga likienda mbele,*
*Ingawa ni ugenini, nimeshazoea kule.*

Mlango ni wa mto Lukuledi, unaoingia baharini palepale mjini.

Makosa yaliyopita kabla ya hapo yanafundisha zaidi ya shairi lenyewe. Kwenye D niliandika *Dhoruba si baharini*. Mizani sawa, kina sawa, na picha ilikuwa nzuri. Lakini mimi ndiye niliyesema DH ni herufi yake, kwa hiyo jina lingesomeka Lin-dhi. Likatoka, likaingia dau, na ukweli ni kwamba dau liliboresha ubeti, maana lilileta kitu kinachoonekana.

Mshororo wa mwisho ulianza kama *Ingawa niko ugenini*. Hesabu kwa vidole: i-nga-wa-ni-ko-u-ge-ni-ni. Tisa. Hapa watu hufanya ujanja wa kumeza silabi wakati wa kusoma, na ukumbini hupita. Kwenye maandishi haipiti. Kutoa *-ko* kulitosha.

Kuhusu kina: chagua kina chenye wingi wa maneno, kwa sababu mwanzo wa mshororo umeshafungwa na herufi. Ukifunga na mwisho kwa kina kigumu utakuwa unapita kwenye kichochoro chenye kuta mbili. *-ni* ya mahali ni mkombozi: baharini, ufukweni, safarini, nyumbani, moyoni. *-a* ya vitenzi vya kutendea pia. Kina cha *-go* au *-fu* waachie malenga.

Kwa majina marefu, mfano mzuri wa mpangilio ni wa Mwingereza Lewis Carroll. Mwaka 1871 alichapisha shairi la mishororo 21 linalotoa jina zima la Alice Pleasance Liddell, na akaligawa katika beti saba za mishororo mitatu. Jina la kwanza lina herufi tano, la pili tisa, la tatu saba, kwa hiyo mipaka ya majina haiangukii kwenye mpaka wowote wa beti. Jicho halioni mahali jina linapoanza na kuisha. Ukitaka kuficha, fanya hivyo. Ukitaka kuonesha, kama kwenye harusi, fanya kinyume: ubeti kwa jina.

Katikati na mwishoni

Wenzetu wa lugha nyingine huficha neno kwenye herufi za mwisho za mishororo pia. Kwa Kiswahili hilo karibu haliwezekani: maneno yetu, ukiacha machache ya mkopo, huishia na irabu, kwa hiyo kwa herufi utapata *ua*, *oa* na *au*, basi.

Lakini tuna vina, na vina ni silabi. Nikagundua (sidhani kama ni wa kwanza) kwamba kina cha kila ubeti kinaweza kuwa silabi ya jina. Beti tatu: wa kwanza unaishia *-ma* (mama, nyuma, heshima), wa pili *-sa* (sasa, darasa, kosa), wa tatu *-si* (nafasi, wasiwasi, kiasi). Ma-sa-si. Hakuna atakayeiona kwa macho. Nimewahi kuimaliza mara moja tu, na mtu pekee aliyeifahamu ni niliyemwambia.

Neno la katikati, linaloshuka ndani ya mishororo, ni rahisi kuliko yote, kwa kuwa herufi yoyote ndani ya mshororo inafaa. Linahitaji wino mzito au rangi, la sivyo ni siri yako na Mungu wako.

Michezo, na tahadhari moja

Kijiweni tunacheza hivi: mtu anataja neno la herufi nne au tano, mwenzake ana dakika mbili kutoa sentensi ambayo maneno yake yanaanza kwa herufi hizo kwa mpangilio. PWEZA: *Pita Wapi, Endelea Zako, Asante.* NAZI: *Naomba Asali, Zawadi Itafuata.* Watoto wanakuwa hodari kuliko wakubwa ndani ya siku mbili, na bila kujua wanafanya zoezi la vitenzi.

Tahadhari ni ya kusoma wima kila unachokitoa hadharani, hata kama hukukusudia akrostiki. Niliwahi kuandika mishororo minne ya kumsifu mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa: *Wewe ni nguzo*, *Imara hutikisiki*, *Zako juhudi*, *Ishi miaka mingi*. Mtani wangu akalichukua karatasi, akalitazama sekunde tano, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Soma mwenyewe.

Kwa kumbukumbu

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: MAbano, GAwanya, ZIdisha, JUmlisha, TOa. Ni mpangilio wa kukokotoa, na ni akrostiki ya silabi kamili, inatamkika kama jina la mtu. Ni kazi nzuri.

Lakini iliniponza. Darasa la sita nilipewa 10 − 3 + 2. JU iko kabla ya TO, nikajumlisha kwanza 3 na 2, nikatoa, nikapata 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unakwenda kutoka kushoto. Akrostiki hubeba mpangilio wa majina tu. Haibebi maana, na haiwezi kusema "hawa wawili wako sawa". Kwa hiyo fundisha jambo kwanza, kisha mpe mtoto kifupisho cha kulishikia.

Kutengeneza ya kwako, nenda hivi. Tuseme unataka kukariri vituo vya barabara kutoka Mingoyo kwenda Masasi: Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda, Masasi. Chukua herufi za kwanza: M, M, N, N, M. Haifai kwa lolote. Huku Kusini majina ya miji yamerundikana kwenye M na N, na hapo ndipo wanaofuata njia ya herufi hukata tamaa.

Chukua badala yake kichwa cha kila jina mpaka pale linapotengana na wenzake: MI, MTA, NYA, NDA, MA. Sasa tafuta sentensi ambayo mtu angeweza kuisema kweli:

*Mimi mtanipa nyama ndani mapema.*

Huyo ni mgeni mwenye njaa kwenye shughuli, nami namwona kabisa, kofia mkononi, anachungulia jikoni. Ukimwona na wewe, vituo umevishika. Sentensi yenye mtu anayefanya kitu hukaa. Sentensi ya maneno yaliyopangwa tu hutoka usiku uleule.

Wilaya za mkoa wa Mtwara, kutoka baharini kwenda bara: Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu. *Mtoto, tafadhali nenda: maji, nazi.* Anatumwa dukani. Tanguliza hiyo *Mtoto* kwa sauti ya mama anayechota unga na haitapotea.

Sayari nane ni ndefu kidogo. Kwa majina haya: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Toleo langu la kwanza lilikuwa *Uza zeze dukani, mpe mama zawadi ukirudi nyumbani.* Linaimbika, nililipenda sana. Nikamjaribia mpwa wangu wa darasa la tano. Kesho yake sentensi alikuwa nayo yote, ila Zuhura na Zohali alizibadilishana nafasi, na Mirihi na Mshtarii vilevile. Z mbili, M mbili, na sentensi haisemi ipi ni ipi. Tukatengeneza upya kwa silabi: *Uza zulia dukani, miwani, mshumaa, zote ukazile Newala.* ZU ni Zuhura, MI ni Mirihi, MSH ni Mshtarii, ZO ni Zohali. "Zote" ni hela, haikutajwa ila kila mtu anaelewa. Halina mdundo wa lile la kwanza, lakini halidanganyi. Kama kitabu cha mtoto kinasema Zebaki badala ya Utaridi, badilisha kichwa. Mtihani utafuata kitabu.

Jaribio ni moja: siku ya pili mwambie aandike orodha, siyo sentensi. Wengi hukumbuka sentensi wakasahau ilisimama badala ya nini.

Kuiweka mbele ya watu

Kwa karatasi, mwambie wa steshenari apange mistari kushoto. Mazoea yao ni kuweka shairi katikati ili lipendeze, na hapo herufi za mwanzo zinayumba kama ngazi iliyovunjika na jina linapotea. Herufi ya kwanza iwe nzito au ya rangi nyingine. Kwa simu, mishororo ya mizani 16 hukatwa na kioo ikawa miwili, na kichwa cha uongo kinatokea kila mahali. Tuma kama picha, au tunga kwa mizani nane.

Ukumbini kuna shida nyingine. Shairi letu ni la kuimbwa, na sikio halioni wima. Njia ninayoitumia nimeichukua chuoni: taja herufi kwanza, kisha mshororo. Pale kwenye harusi ya Hadija, baada ya kukata ile K, tuliwapanga watoto sita mbele, kila mmoja na herufi yake ya kadibodi nyuma ya mgongo, anainyanyua nikifika kwake. H, A, D, I, J. Ukumbi ukawa unazisoma kwa sauti kabla yangu. Mtoto wa mwisho, wa miaka minne hivi, aliinyanyua A yake kichwa chini, miguu juu, na akina mama wakapiga vigelegele kuliko walivyopigia jina zima.